Kabla mtoto hajapanda farasi, na asimame kwanza ubavuni mwake

MIONGONI mwa barua tulizozipokea hivi karibuni imo ya mama mmoja ambaye yeye na mumewe wamemwandikisha mtoto wao wa miaka tisa katika shule ya kufundisha watoto kupanda farasi. Anaeleza kuwa wiki ya kwanza mtoto alifundishwa namna ya kumwendea farasi na kumvisha hatamu. Wiki ya pili alimpiga brashi na kumtoa uchafu kwatoni. Wiki ya tatu alimwongoza kwa kamba kuzunguka uwanja, mtoto akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Juu ya mgongo hakukaa zaidi ya dakika kumi. Baba amekasirika. Anasema alitoa fedha ili mwanawe apande, wala hakutoa fedha ili mwanawe awe saisi. Mama anatuuliza: Je, tumedhulumiwa?

Jibu letu ni fupi. Hamkudhulumiwa, shule hiyo imewatendea haki, na yamkini imewatendea wema kuliko mnavyojua. Ama sababu za jibu hilo ni ndefu kidogo, na kwa kuwa tunasikia malalamiko ya aina hiyo kutoka kwa wazazi wengi wa mijini, na hata kwa jamaa zetu walioko Maskati na London, tumeona vyema tuyazungumze hapa kwa faida ya wote.

Tuanze na msemo ambao kila mzazi anautaja anapompeleka mwanawe kupanda farasi, ule unaohimiza watoto wafundishwe kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Wengi huunasibisha na Mtume (s.a.w.). Msemo huo unajulikana zaidi kuwa ni wa Umar bin Khattab (r.a.), na lafdhi zake zinatofautiana kutoka mapokezi hadi mapokezi. Maana yake ni njema, hatuna ugomvi nayo, lakini si vyema kumsemesha Mtume lisilothibiti kwake ilhali yako yaliyothibiti na ambayo yana mafunzo makubwa zaidi kwa jambo letu.

Mojawapo ni hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Ndani yake Mtume (s.a.w.) anaitoa michezo michache katika hukumu ya upuuzi, na mmoja wao ni wa mtu pamoja na farasi wake. Sasa ndugu msomaji, tazama neno lililotumika. Hakusema kumpanda farasi. Hakusema kushindana naye. Neno la Kiarabu lililotumika ni taadibu, yaani kumtia adabu, kumlea, kumfundisha. Ni neno lile lile tunalolitumia tunapozungumzia malezi ya watoto wetu. Basi jambo lililosifiwa ni mafunzo yenyewe, na mafunzo hayo huanzia ardhini. Mtu hawezi kumlea kiumbe ambaye hajapata kusimama mbele yake, wakaonana na wakajuana.

Wazee wetu katika fani hii waliyajua hayo. Katika Misri ya Wamamluki, dola iliyodumu tangu mwaka 1250 hadi 1517 na ambayo jeshi lake lilisifika kwa wapanda farasi, mwanafunzi mpya hakuanza kwa farasi aliye hai. Alianzishwa juu ya umbo la farasi lililotengenezwa kwa mbao, udongo au jiwe, akajifunza kurukia na kuketi sawasawa. Alipohamishiwa kwa farasi wa kweli, kwanza alimpanda bila ya kitandiko, hadi mwili wake uzoee mwendo wa mnyama. Kitandiko kilikuja baadaye, silaha baadaye zaidi. Ikiwa watu waliokuwa wakitayarishwa kwa vita hawakuona haya kuanzia kwenye gogo, sisi mtoto wetu wa miaka tisa ana haraka gani?

Huku kwetu pia elimu hii si ngeni, ingawa farasi ni wachache. Uchache wao una sababu zake. Mbung'o wa maeneo mengi ya Afrika Mashariki huleta nagana, na visubi huleta ugonjwa mwingine unaoua farasi kwa siku chache. Hivyo punda akatamalaki pwani na farasi akabaki wa majumba ya wakubwa na wa nyanda za juu zenye baridi. Hata hivyo, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo. Hayo yalikuwa mafunzo yenye walimu na saa maalumu, hayakuwa matembezi ya kujifurahisha.

Na farasi ni mnyama wa namna gani? Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa kuwa wanamdhania kuwa ni pikipiki yenye manyoya. Farasi ni mnyama anayewindwa. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) hakumpa pembe wala kucha; amempa miguu ya kukimbia, masikio yanayogeuka kila moja upande wake, na macho yaliyowekwa pembeni mwa kichwa hata anaona karibu duara zima linalomzunguka. Yako mahali mawili tu asipoona: mbele kabisa ya paji la uso wake, na nyuma kabisa ya mkia wake. Mtoto asiyejua hayo aghalabu huingilia hapo hapo. Humjia kwa mbele akinyoosha mkono kumgusa pua, au hupita nyuma yake kimya kimya akikimbilia upande wa pili. Farasi akishtuka, hapigi teke kwa uovu. Anapiga kwa sababu kitu asichokiona kimemgusa, na maumbile yake yanamwambia huenda ni simba.

Basi somo la kwanza ambalo baba yule aliliona ni upotezaji wa fedha ndilo linalolinda uhai wa mwanawe. Mtoto hufundishwa asogee kwa upande, akielekea begani, aseme neno kwa sauti ya kawaida kabla hajafika, aguse shingo kwanza, kisha akitaka kwenda upande wa pili apite mbali kabisa au apite karibu sana huku mkono wake ukiwa juu ya mwili wa mnyama ili ajulikane alipo. Hufundishwa asizungushe kamba mkononi kamwe, bali aikunje na kuishika katikati. Tunamfahamu kijana mmoja aliyepuuza hilo. Upepo ulirusha mfuko wa plastiki, farasi akaruka, kamba ikakaza, na kijana akavunjika vidole viwili. Wenye kujua walisema ameponea padogo.

Lakini usalama ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuaminiana, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kwa kuwa ndiyo kiini cha maneno yetu.

Farasi humsoma mtu. Huyu hasomi maneno; anasoma mwili, pumzi na mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwako Berlin farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, ambaye watu waliamini kuwa anajua hesabu, kwani alipoulizwa swali alipiga kwato chini mara zinazotakiwa kisha akaacha. Mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst alichapisha matokeo ya uchunguzi wake. Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akitazama mwili wa aliyeuliza. Idadi sahihi ilipofikiwa, muulizaji alitikisika kidogo mno bila ya yeye mwenyewe kujijua, na farasi akaacha kupiga. Watu wengine walimcheka Hans tangu siku hiyo. Sisi tunaona alistahili kuheshimiwa zaidi, kwani aliwajua wanadamu kuliko walivyojijua.

Karibu na zama zetu, mwaka 2009, watafiti wa Sweden walichapisha jaribio jepesi lenye mafunzo makubwa. Watu waliongoza farasi, na wengine waliwapanda, kutoka mahali hadi mahali mara nne. Kabla ya mara ya mwisho waliambiwa kuwa wakipita pale mwavuli utafunguliwa kwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo wa watu yalipanda, na mapigo ya moyo wa farasi wao yakapanda vilevile. Farasi hakuambiwa habari ya mwavuli. Hofu ilimfikia kupitia kwa yule aliyekuwa naye.

Kutokana na hayo utaona kwa nini mwalimu mwenye busara hamkimbizi mtoto mwenye hofu hadi juu ya mgongo. Mtoto akipandishwa akiwa anatetemeka, farasi anapokea kutetemeka huko na kutafuta hatari iko wapi. Asipoiona, wasiwasi wake unazidi, na mtoto akiuhisi wasiwasi huo anazidi kuogopa. Wanatiana hofu wao kwa wao. Ardhini mduara huo unakatika kwa urahisi. Mtoto anaweza kurudi hatua mbili, akapumua, akaanza upya. Juu ya mgongo hana pa kurudi.

Tulijaaliwa siku moja kukaa ukingoni mwa uwanja wa shule ya namna hiyo, nje kidogo ya jiji la Nairobi. Msichana wa miaka kama kumi alipewa farasi mzee wa kijivu amwongoze. Farasi aligoma. Msichana akamgeukia, akamkazia macho, akavuta kamba kwa uzito wa mwili wake wote; farasi akanyanyua kichwa na kukita miguu. Ni dhahiri nani angeshinda, kwani farasi wa kawaida ana uzito wa kilo mia nne hadi mia tano, na mtoto wa umri ule hafiki arobaini. Mwalimu, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, hakumnyang'anya kamba. Alimwambia asimame sambamba na bega la farasi, atazame kule anakotaka kwenda, ailegeze kamba, kisha aanze kutembea kana kwamba jambo limekwisha amuliwa. Msichana akafanya hivyo. Farasi akamfuata. Tulimsikia msichana akiuliza kwa mshangao: “Mwalimu, kumbe nilikuwa nimemzibia njia?”

Maneno hayo tumeyakumbuka mara nyingi, na si katika mambo ya farasi peke yake.

Hapo pana siri moja ya fani ambayo mzazi anapaswa kuijua. Farasi hajifunzi kwa kule kusukumwa au kuvutwa. Hujifunza kwa kule kuachiwa. Ukitaka arudi nyuma, unaigusa kamba kwa wepesi. Akirudisha hata unyayo mmoja, unaachia papo hapo. Kule kuachia ndiko kunakomwambia: hilo ndilo nililolitaka. Ukichelewa, ukaendelea kuvuta ilhali amekwisha kutii, umemfundisha kuwa kutii hakuna faida, na kesho utalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Farasi wengi wanaoitwa wabishi walifanywa wabishi na mikono isiyojua kuachia. (Wazazi tujiulize: mtoto akiwa amekwisha kwenda kuoga kama alivyoamrishwa, sauti zetu huteremka, au tunaendelea kumkaripia hadi mlangoni mwa bafu?)

Mtume (s.a.w.) alilikuta jambo la mfano huu nyumbani kwake. Imepokewa na Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia aliyekuwa mgumu, akawa anamrejesharejesha huku na huko. Mtume akamwambia ashikamane na upole. Tafakari, msomaji. Mnyama ndiye aliyekuwa mgumu, lakini nasaha hakuelekezewa mnyama. Alielekezewa mwenye hatamu.

Katika Muwatta ya Imamu Malik mna habari nyingine inayotugusa zaidi. Mtume (s.a.w.) alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa shuka lake. Alipoulizwa, akaeleza kuwa usiku huo alilaumiwa kwa ajili ya farasi. Hatuhitaji kuongeza mengi. Baba anayeona kuwa kupiga brashi ni kazi ya saisi na haimfalii mwanawe, na atazame ni nani aliyekuwa na shuka mkononi.

Na kazi hiyo ya brashi si ya kupendezesha tu. Mtoto anapopitisha mkono kutoka shingoni hadi mgongoni, tumboni na miguuni, anajifunza mwili wa mwenzake. Atajua pana kidonda chini ya mahali pa mkanda wa kitandiko. Atahisi mguu mmoja una joto kuliko mingine. Ataona kuwa akiguswa mahali fulani masikio yanalala nyuma na ngozi inacheza, kwa hiyo hapo panauma. Akiinua kwato na kulisafisha kuanzia kisiginoni kuelekea mbele, anaweza kulikuta jiwe ambalo lingemfanya farasi achechemee na kumwangusha. Zaidi ya yote farasi naye anajifunza kuwa mikono hii midogo haileti maumivu. Atakayepandwa dakika ishirini baadaye na mwenye mikono hiyo anayo hoja ya kumwamini.

Kuna watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wako wanaosema: mnyama ni mnyama, lazima ajue bwana ni nani, na kiboko kimoja cha siku ya kwanza huokoa vita vya mwaka mzima. Tumesikia wakufunzi wakisema hivyo mbele ya watoto. Jawabu letu ni kwamba mtoto hana nguvu za kutekeleza vitisho hivyo, na farasi analigundua hilo siku mkufunzi mwenye kiboko asipokuwapo. Isitoshe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kuwa farasi hutofautisha hata picha ya uso wa mtu mwenye hasira na ya uso wenye furaha, na mapigo ya moyo wao hupanda upesi zaidi wanapouona uso wa hasira. Xenophon wa Ugiriki ya kale aliusia karne nyingi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) kwamba mtu asimshughulikie farasi akiwa na ghadhabu. Ama kumpiga mnyama usoni, hilo limekatazwa kwa hadithi sahihi, na mkufunzi anayelifanya mbele ya watoto anawafundisha madhambi kwa ada ya wazazi wao.

Wapo pia wa upande wa pili, ambao huruma yao imekosa mizani. Hawa humruhusu mtoto amlishe farasi sukari mkononi kila saa, amkumbatie shingo apendavyo, na farasi akimsukuma mtoto kwa bega wao hucheka. Kufanya hivyo si kumpenda mnyama. Farasi aliyezoea kupewa kitu mkononi atafika siku atang'ata mkono usio na kitu. Na farasi anayemsukuma mtoto leo kwa mzaha, kesho atamkanyaga. Katika kundi lao wenyewe farasi wana mipaka: huyu husogea, yule hupisha, na wanaelewana kwa ishara ndogo ya sikio. Mtoto hufundishwa kumtaka farasi arudi nyuma hatua moja na kusubiri, kwa utulivu, kila siku, bila ya kuchoka. Taadibu ina upole ndani yake na ina mpaka ndani yake, na mwenye kukosa kimoja kati ya hivyo hakulea.

Tena aminiano halijengwi kwa hila. Tumeona mahali wanapomkamata farasi malishoni kwa kumtikisia ndoo tupu ili adhani ina chakula. Akija, anafungwa kamba. Hufaulu mara mbili tatu. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.) kuwa mama yake alimwita akiwa mdogo kwa ahadi ya kumpa kitu, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu, ungeliandikwa uwongo juu yake. Basi mwanao akiiona ndoo tupu ikitikiswa na mwalimu wake, amefundishwa nini? Mwambie aweke ndani ya ndoo japo kiganja cha pumba.

Sasa tuzungumze juu ya farasi wenyewe wa shule, ambao katika malalamiko ya wazazi hawatajwi kabisa. Farasi wa mtu binafsi humjua mpanzi mmoja au wawili. Farasi wa shule huletewa mgeni kila saa: mmoja anamvuta kulia, mwingine anamkaza mdomo, wa tatu anampiga visigino tumboni kwa kuwa hajui afanye nini na miguu yake. Wote hao ni watoto wa watu na wote wanajifunza. Lakini yeye ndiye kitabu wanachojifunzia, na kitabu hiki kina neva. Akizidiwa, hujifunga ndani ya nafsi yake. Haitiki kamba wala mguu, na macho yake huwa kama yamezimika. Wapita njia husema ni mpole. Aghalabu si upole, ni kukata tamaa.

Katika lugha yetu tunayo misemo miwili juu ya punda ambayo imetuumbua. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, na tunasema punda afe, mzigo ufike. Anayeisema ya pili hana haki ya kulalamika kwa ya kwanza. Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la mmoja wa Ansari, ngamia alipomwona akalia, naye akamfuta nyuma ya masikio hadi akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumweleza kuwa mnyama huyo amemshitakia kuwa anamtia njaa na kumchosha. Kisa hicho pia amekipokea Abu Daud. Mzazi na ayatazame hayo mawili, njaa na uchovu. Tumbo la farasi limeumbwa kwa kula kidogo kidogo takriban mchana na usiku kutwa. Akiachwa saa nyingi bila ya nyasi, asidi humdhuru. Mgongo wake nao una kiasi: kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa mpanzi pamoja na kitandiko wasizidi kiasi cha sehemu ya tano ya uzito wa farasi. Na wakati mtoto anasubiri zamu yake, au wazazi wanapiga picha, ashuke. Imekatazwa katika hadithi kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari.

Wasomaji wa kike huuliza juu ya mabinti zao. Hatuoni kizuizi katika asili ya jambo, maadamu stara imehifadhiwa. Suruali pana ndefu ivaliwe chini ya kanzu iliyopasuliwa pembeni. Mtandio ubanwe vizuri ndani ya kofia ngumu bila ya pini wala ncha za kupepea, kwa kuwa ncha inayopepea humshtua farasi na pini huumiza ukianguka. Akipatikana mwalimu wa kike ni bora zaidi. Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa kupanda ngamia, na katika sifa hiyo hiyo akataja huruma yao kwa watoto.

Agosti mwaka 2019 binti wa Kiislamu wa London, Khadijah Mellah, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alishinda mbio za hisani za Magnolia Cup huko Goodwood akiwa amevaa hijabu. Magazeti yalishangilia kuwa miezi michache tu kabla ya hapo hakuwa amepata kumkalia farasi wa mashindano. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Alikuwa amekwisha kutumia miaka kadhaa katika klabu ya Ebony Horse Club, Brixton, klabu inayowafunza watoto wa mitaa ya jiji, pamoja na farasi wadogo wa kujifunzia. Miezi ile michache ilikuwa ghorofa; msingi ulichimbwa na farasi ambao hakuna gazeti lililotaja majina yao. (Kamari inayozunguka viwanja vya mbio ni haramu, na hilo halihitaji kurudiwa hapa.)

Hapana shaka shule nyingine hutumia jina la mafunzo ya ardhini kuficha upungufu wa farasi au wa walimu. Mzazi ana haki ya kuuliza. Kwa mtoto mzima wa afya, kazi ya ardhini na kazi ya mgongoni huenda pamoja. Ya kwanza huanza ikiwa nyingi, kisha ya pili huongezeka, na ya kwanza haikomi hata akiwa stadi. Ikiwa miezi mitatu imepita na mtoto bado hajapanda kwa utaratibu wowote, wala hakuna anayeweza kukueleza anasubiri nini, hapo lalamika. Mtume (s.a.w.) aliposhindanisha farasi Madina, kama alivyosimulia Ibn Umar (r.a.) ambaye naye alishiriki, wale waliotayarishwa walikimbia tangu Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, umbali uliokadiriwa kuwa maili tano au sita, na wale wasiotayarishwa walikimbia maili moja hivi hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Hakuna aliyenyimwa uwanja, ila kila mmoja alipewa umbali wa kiasi cha maandalizi yake.

Kwa baba wa mtoto wa miaka tisa tunalo ombi moja. Wiki ijayo asikae ndani ya gari akisubiri. Aende bandani kabla ya saa ya somo, asimame kando, atazame farasi wanafanya nini mwalimu anapoingia na kamba mkononi. Wakigeuza masikio mbele na kusogea mlangoni, na alipe ada ya muhula mzima kwa moyo mkunjufu. Wakigeuka na kumwonyesha mkia, amwulize mwalimu sababu yake, na asubiri jibu kabla ya kutia mkono mfukoni.